Anayekohoa ana neno, lakini nani atalipia nauli yake?

Mama mmoja anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, karibu na soko la Kadutu ana kipimo chake cha ugonjwa. Mwaka jana, kupanda kutoka sokoni hadi kwake, alikuwa anapumzika mara mbili. Sasa anapumzika mara tano. Kwenye karatasi yake ya hospitali kuna herufi nne za Kifaransa, BPCO, yaani ugonjwa sugu unaobana njia za hewa, na chini yake jina la dawa. Kilima hakikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza. (Na ndiyo, dawa ya mapafu yake anainunua kwa hela ya moshi wa wengine. Yeye mwenyewe hulicheka jambo hilo, mpaka kikohozi kimkatize.)

Swali lenyewe linagawanya watu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Je, wagonjwa wa namna hii na ndugu wanaowauguza wakae pamoja na madaktari kupanga jinsi huduma itakavyokuwa, au kila mtu abaki na kazi aliyosomea?

Wanaosema wakae wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani limehesabu vifo milioni 3.5 vya ugonjwa huu kwa mwaka 2021, na kati ya wanaokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wameletwa na sigara. Katika nchi kama yetu sigara inabeba asilimia 30 hadi 40, na moshi wa jikoni ni mshtakiwa mkubwa. Sasa moshi huo daktari atauonea wapi? Yeye anamwona mama akiwa ameoga, amevaa kikwembe cha kutokea, ameketi kwenye benchi. Mbabula, jiko la makala, inajulikana na wanaoiwasha: saa ngapi inawashwa, lini inaingizwa ndani kwa sababu ya mvua, na namna nyumba za mbao zilivyobanana hata moshi wa huyu ukalale chumbani kwa yule. Ukimwambia mtu wa hapo "acha makala", umemwambia nini?

Kuna pia ile pompi ya salbutamoli, dawa ya kuvuta kwa mdomo inayofungua njia za hewa. Ina mipulizo 200, lakini ukibonyeza kabla ya kuvuta pumzi, dawa inaishia mdomoni. Aliye karibu na kuliona kosa hilo kila siku ni garde-malade, yaani ndugu anayemuuguza mgonjwa, binti au mkwe. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka pompi, iliwasaidia watoto wenye pumu sawasawa na kifaa cha dukani cha kupokelea dawa kabla ya kuivuta. Kazi kama hiyo inafundishwa vizuri na mtu aliyekwisha kukosea mwenyewe.

Upande wa pili nilikuwa nauona kama wa watu wasiopenda kuulizwa maswali. Nimebadili mawazo. Muuguzi mmoja aliniambia: "Nimuulize anataka nini? Atasema dawa. Dawa sina." Spirometa, mashine ya kupima pumzi, ni kitu cha kutafutwa, anayekohoa anapimwa kifua kikuu, na vijidudu visipoonekana anarudi nyumbani na kikohozi chake. Kumwita mkutanoni mtu anayehema ni kumlipisha moto, yaani pikipiki, kwenda na kurudi, na siku hiyo meza yake sokoni haina mtu.

Halafu hospitali zetu tayari zinaishi kwa mgongo wa familia. Garde-malade anapika, anafua, anakimbilia duka la dawa, anamgeuza mgonjwa usiku, analala sakafuni. Karibu kila mara ni mwanamke. Ukimletea "ushiriki" juu ya hayo, umemwongezea zamu nyingine isiyo na mshahara. Hapa ndipo mashaka yangu ni makubwa.

Kamati nazo tunazo. Tangu mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya afya ya msingi neno la ushiriki wa jamii halijatoka midomoni, na kila eneo la afya linatakiwa kuwa na CODESA yake, yaani kamati ya maendeleo ya eneo hilo. Ninavyoziona, zinateremsha habari za chanjo kutoka juu. Kupandisha lalamiko ni nadra. Na tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, hata nani wa kulipokea lalamiko hilo si swali jepesi.

Watetezi wa ushiriki hupenda kutaja kifua kikuu. Nchini kwetu Club des Amis Damien, chama cha watu waliopona ugonjwa huo, kinawatafuta wanaokohoa na kuwatia moyo waliochoka na vidonge. Mfano mzuri, ila tusidanganyane: vidonge vile ni vya bure. Rafiki akikutia moyo, kuna kitu cha kwenda kuchukua. Mwenye BPCO anatiwa moyo aende kununua.

Kwa hiyo nakubali waitwe, kwa sharti moja: waitwe kuamua jambo lenye bei au lenye saa. Dawa gani kituo kinunue kwanza hela ikipatikana. Kliniki ifunguliwe saa ngapi, maana asubuhi ya baridi, kwenye mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kifua kinabana. Na nauli itoke mfuko wa kituo. Kama hakuna hata moja la kuamua, mwacheni mama auze makala yake.

Yeye nilimuuliza angeomba nini. Hakufikiri: pompi iwekwe kwenye kituo kidogo cha chini, karibu na soko, asipande tena kuifuata. Nilipomfikishia muuguzi, alisema inawezekana, ila itabidi kununua kabati lenye kufuli, na mtu wa kuandika nani amechukua.