Uganda haiwezi kuwa kipimo cha Kenya

Kijana mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili alinitumia faili lake la Excel na swali fupi: "Kaka, mbona elimu bure Kenya inaonekana imepunguza wanaomaliza shule ya msingi?" Nilicheka kwanza, kisha nikafungua faili.

Alikuwa na nchi tatu. Uganda ilifuta ada ya shule za msingi 1997, Tanzania ikaja na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uliokwenda na kufutwa kwa ada) 2002, Kenya ikafuata Januari 2003. Zote kazitia kwenye regresheni moja ya tofauti ya tofauti, yaani inayolinganisha mabadiliko ya walioanza sera na mabadiliko ya wengine, yenye dami (alama za 0 na 1) za nchi na za miaka, na jibu la Kenya likatoka na alama ya kutoa. Nikamuuliza, Kenya umeilinganisha na nani?

"Sijachagua mimi, kaka. Programu imechagua yenyewe."

Ugonjwa uko hapo hapo. Zamani mambo yalikuwa mepesi: wachumi Card na Krueger walipopima athari ya kima cha chini cha mshahara Marekani, New Jersey ilikipandisha Aprili 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Tarehe moja, pande mbili, kila mtu anaona nani analinganishwa na nani. Sera ikianza kwa awamu, regresheni ile ile inatengeneza jozi zote zinazowezekana, pamoja na ile ambayo aliyechelewa anapimwa dhidi ya aliyekwisha kuanza. Mchumi Andrew Goodman-Bacon alizichambua jozi hizo moja moja katika makala ya 2021, na tangu hapo sioni kwa nini mtu aseme hakujua.

Jozi hiyo haina neno kama athari ya sera huja mara moja ikatulia. Elimu haiji hivyo. Mtoto wa Uganda aliyeingia darasa la kwanza 1997, asirudie darasa wala kuacha njiani, anafika la saba 2003. Mwaka huo huo Kenya ndiyo kwanza inafungua milango, na watoto wake wa darasa la kwanza watamaliza la nane 2010. Sasa chukua Kenya utoe Uganda. Mavuno ya Uganda yamegeuzwa hasara ya Kenya!

Kuna mbinu mpya, kwa mfano ya wachumi Callaway na Sant'Anna, zinazokulazimisha useme wazi: unalinganisha na wasioanza kabisa, au na ambao hawajaanza bado? Nazipenda. Kinachoniudhi ni watu waliobadilisha kitufe kimoja kwa kingine na kuendelea kutofikiri. Kwa nchi hizi tatu, kaa na kalamu uhesabu. Uganda inaweza kupimwa kwa Tanzania na Kenya mpaka kila moja ilipoanza. Tanzania ina Kenya kwa mwaka mmoja tu, 2002. Kenya haina mtu. Waliobaki wote wameshaanza.

Kijana akaniambia basi aongeze Burundi, iliyofuta ada 2005, na Kongo, iliyotangaza elimu ya msingi bure 2019. Kwa kalenda yuko sahihi, hao ni "bado" halisi, na programu itawapokea kwa mikono miwili. Lakini Burundi ilikuwa vitani tangu 1993, na Kongo ilikuwa ndiyo kwanza inajaribu kutoka vitani 2003. Ukisema kwamba Kenya, kama isingefuta ada, ingekwenda mwendo mmoja na shule za Bujumbura za miaka ile, itabidi uniambie kwa nini. Mwaka wa kuanza hauwezi kujibu hilo. Anayejibu ni mtu aliyesoma historia ya mahali.

Na hata "bado" wa karibu, wanaofanana kabisa, wana mtego wao. Kule Busia ya Kenya, wachumi Miguel na Kremer walizigawa shule 75 katika makundi matatu, dawa za minyoo zikaanza 1998, 1999 na 2001. Mpangilio safi kuliko huo utaupata wapi? Ila minyoo haijui mpaka wa shule. Watoto walipotibiwa, maambukizi yalipungua hata kwa majirani waliokuwa bado kwenye foleni. Ukiwatumia majirani hao kama kipimo bila kuwaza, dawa itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kwa hiyo mimi siku zote nauliza kwanza wako umbali gani, ndipo niulize walianza lini.

Kijana aliishia kuitumia Kenya kama kipimo cha Uganda, 1997 hadi 2002, na badala ya kupima wanaomaliza shule akapima uandikishaji. Kazi imekuwa ndogo lakini inasimama. Msimamizi wake hakufurahi: kichwa cha tasnifu kilishapitishwa, na ndani yake mna neno Kenya.