Nguzo za Nyumba ya Nyangumi hazikuwa za kuuzwa

Wapo wanaoshikilia kuwa mwenye mali akiamua kuuza, sisi wengine tunyamaze. Hoja hiyo inakwama Klukwan, kijiji cha Watlingit, wenyeji asilia wa Alaska, Marekani, kando ya Mto Chilkat, mbele ya Nyumba ya Nyangumi ya ukoo wa Gaanaxteidí.

Nyumba za ukoo za zamani zilikuwa za mbao nzito na mlango mmoja wa mbele. Ukiingia unashuka daraja pana za mbao zilizozunguka pande zote, hadi chini katikati kwenye moto. Moshi unatokea tundu la paani. Familia kadhaa ziliishi humo, kila moja na sehemu yake kulingana na hadhi. Nyuma kabisa, mkuu wa nyumba alijitenga kwa kiambaza cha mbao. Cha Klukwan huitwa Kiambaza cha Mvua, na fundi wake alikuwa na jicho: vile viumbe vidogo vilivyochuchumaa pembezoni ni matone yanayoruka yakishagonga chini. Tundu la duara tumboni mwa umbo kubwa ndilo mlango. Nguzo nne za nyumba, zilizochongwa, nazo zina visa vyake. Moja ina binti aliyelea dumuzi, mdudu atoboaye mbao, kama mwanawe, nyingine shujaa anayempasua simba wa baharini vipande viwili.

Sasa ni nani mwenye vitu hivi? Watlingit hufuata upande wa mama. Mkuu wa nyumba humrithisha mpwa, mtoto wa dada yake, si mwana. Louis Shotridge, mtoto wa mkuu wa nyumba hii, alijaribu kuvinunua miaka ya 1920 kwa ajili ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Akakataliwa. Baba ni baba, lakini ukoo ule haukuwa wake.

Mwaka 1976 kijiji kikapiga marufuku vitu vya aina hiyo kutolewa bila ruhusa. Hata hivyo mwaka 1984 nguzo na kiambaza vikabebwa hadi mji wa Seattle ili viuzwe, na baadhi ya wenye ukoo wenyewe wakiwa upande wa wauzaji. Hapo ndipo wengi hulegea: si vyao? La. Mkuu ni mtunzaji tu, na waliokufa na watakaozaliwa wana fungu lao. Mahakama ya kijiji iliamua hivyo mwaka 1993, na mwaka uliofuata vikarudi.

Jengo lenyewe la kale lilikwishaangushwa muda mrefu kabla ya kesi, lakini nyumba, yaani jamaa wenyewe, haikufa. Tangu 2016 Klukwan ina kituo chake cha urithi. Anayetamani kuiona kazi hiyo afunge safari hadi huko, awe mgeni wa wenyewe.