Dramu Haiingii Kabatini

Studio nyingi za Dar es Salaam zimejengwa kwa ajili ya mdomo. Uende Sinza, Kinondoni au Tabata, utakuta meza ya prodyuza, kompyuta, spika mbili, kochi la washkaji, na pembeni kijichumba cha kuingizia sauti, ukubwa wake kama kabati la nguo. Anaingia mtu mmoja, anavaa hedifoni, anaimba, anatoka. Kwa Bongo Fleva hiyo inatosha kabisa, na muziki uliotoka kwenye makabati hayo umelisha familia nyingi na kuvuka mipaka. Shida ni kwamba mimi napiga dramu kwenye bendi ya rock. Kabati hilo halinitoshi hata nikiyaacha matoazi nje.

Nimekaa nyuma ya vyombo vya bendi hii tangu mpiga besi wetu hajaota ndevu, na sasa anawahi mazoezi kutoka kumchukua mwanawe shule. Tumepiga kwenye baa, kwenye harusi ambako bwana harusi alitupenda na wakwe hawakutupenda, kwenye hoteli za Masaki ambako meneja anataka nyimbo za watu wengine tu, tena taratibu, wageni wanakula. Baada ya yote hayo nina msimamo mmoja ambao wenzangu wamechoka kuusikia: bendi irekodiwe ikiwa pamoja, chumba kimoja, wakati mmoja, kila mtu akimwona mwenzake usoni.

Kawaida ya hapa mjini ni kipande kipande. Inatengenezwa biti kwanza. Anakuja mpiga gitaa Jumanne, anaingiza gitaa lake juu ya biti. Mpiga besi anakuja akipata nafasi kazini. Mwimbaji anamalizia usiku. Wimbo unakamilika bila watu wanne kukaa chumba kimoja hata dakika tano, halafu tunauita wimbo wa bendi.

Rekodi yetu ya kwanza ilikwenda hivyo. Prodyuza, kijana mwenye masikio mazuri tu, alitazama dramu zangu zikishushwa kwenye Kirikuu akacheka. "Kaka, hizo zirudishe. Nipigie mdomo hiyo biti, nitaitengeneza hapa hapa." Hakuwa na dharau. Kadi yake ya sauti, kile kifaa cha kuingizia maiki kwenye kompyuta, ilikuwa na matundu mawili tu, na seti ya dramu ina kiki (ngoma kubwa ya kukanyagwa kwa mguu), snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini), haihati (matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu), tomu (ngoma za kati) na matoazi, vyote vikilia kwa mpigo. Nikampigia mdomo. Akaweka kiki hapa, snea pale, akanakili mara kadhaa mpaka mwisho wa wimbo, chai haijapoa.

Matokeo yalikuwa safi. Safi mno. Kompyuta ina gridi, na pigo likichelewa kidogo inalivuta lirudi mstarini. Sisi tukifika kwenye kiitikio huwa tunachanganya, yaani tunaongeza kasi kidogo, wote kwa pamoja, bila kuambizana. Tukirudi kwenye ubeti tunatulia. Kwenye rekodi ile hakuna kuchanganya wala kutulia. Kuna jamaa alikuja kwenye shoo yetu Msasani akiwa na wimbo huo kwenye simu, akaniuliza kwa nini tumeupiga tofauti. Nikamwambia huu ndio wenyewe, wa kwenye simu ndio tofauti. Hakuelewa, na sikumlaumu.

Halafu kuna mdundiko. Waliokulia Dar wanaujua: ngoma ya Wazaramo inayotembea mitaani, watu wakiifuata hadi wanajikuta mtaa wasioujua. Mpiga besi wetu ndiye aliyeanza kulazimisha mwendo ule uingie kwenye wimbo mmoja wetu. Gitaa linapiga rock ya moja kwa moja, nne kwa nne, na mguu wangu chini unatembea kwa tatu tatu. Ni mwendo unaochechemea, na raha yake iko hapo hapo kwenye kuchechemea. Uweke kwenye gridi uone: utapata mwanajeshi kwenye gwaride. Prodyuza alijaribu kuusogeza pigo moja moja kwa mausi hadi akakata tamaa, wimbo huo tukauacha nje ya albamu.

Wakubwa zetu walirekodi vipi? Kwa muda mrefu bendi za nchi hii zilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kupitia, Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye jengo lake la barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Nyerere. Bendi nzima iliingia studio: waimbaji, magitaa, besi, matarumbeta, tumba, dramu. Maiki chache, mkanda unazunguka, moja mbili tatu, twende. Mpiga tarumbeta akikosea mwishoni mwa wimbo, wimbo unaanza upya, na huko mazoezini kila mtu alilijua hilo. Sikiliza rekodi za NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, au za Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Kwa vipimo vya mafundi wa sasa zina kasoro tele. Besi haina uzito, dramu iko mbali kule nyuma. Lakini unasikia watu wamo chumbani wanasikilizana. Gitaa la pili linamjibu la kwanza kwa sababu limemsikia sasa hivi, siyo Jumanne iliyopita.

Wapo wanaonijibu kwamba ile ilikuwa dansi, rock ni ya wazungu, na wazungu wana studio zao. Hoja hii huwa inanichosha. Mji huu ulikuwa na bendi ya Sunburst tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, magitaa yakinguruma juu ya ngoma za Kiafrika, vijana waliokuwa wakipiga muda mfupi tu baada ya muziki wa soul wa Kimarekani kupigwa marufuku Dar es Salaam, Novemba 1969. Albamu yao ilitoka Zambia mwaka 1976, kule ambako bendi ya WITCH na wenzao walikuwa wamewasha moto wa Zamrock, rock ya Kizambia. Mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ilizikusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Ndiyo kusema mtu wa London anaweza kuzinunua rekodi za bendi ya rock ya Dar, na kijana wa Mwananyamala anayejifunza gitaa hajawahi kuisikia hata kwa jina. Hapo nani mgeni?

Wenye hoja ya gharama nawasikiliza zaidi, kwa sababu dramu ni mzigo kwelikweli. Hewa ya bahari haina huruma: stendi zinashika kutu, nyaya za chini ya snea zinakatika moja moja, skrubu zinagoma. Ngozi za plastiki angalau hazilegei kwa unyevu kama ngozi ya mbuzi, ila kuzipata zenye ubora ni kumwagiza mtu anayesafiri. Toazi langu kubwa lilipasuka ukingoni, na ufa wa toazi ukiuacha unaendelea kutembea kila ukipiga. Nikalipeleka Gerezani kwa mafundi chuma. Fundi akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza linavyolia.

"Mzee, hili sinia la nini?"

Nikamweleza. Akatoboa tundu dogo pale pale ufa ulipoishia, ili ufa ukifika kwenye duara ukose pa kwenda, kisha akasaga ukingo wa tundu taratibu kwa msasa. Alikuwa hajawahi kuona toazi maishani mwake, ila shaba na mipasuko anavijua. Toazi linapiga hadi leo, limepoteza mng'ao kidogo kwenye mlio, na mimi nalipenda zaidi hivyo. Huyo fundi ningemkabidhi hata snea yangu. Baadhi ya mafundi mitambo wa shoo za mjini hapa nisingewakabidhi hata fimbo za kupigia.

Basi albamu ya pili niliwabana wenzangu hadi wakakubali. Tulikodi ukumbi mdogo wenye dari la mbao, tukakopa kadi ya sauti yenye matundu manane, tukaanza kazi baada ya Isha ili tumalize kabla ya adhana ya alfajiri na kabla ya kunguru hawajaamka, maana kunguru wa Dar hawana mpangilio wa kuimba. Trei za mayai hatukubandika. Vijana wengi bado wanaamini zinazuia sauti, na ninakuta studio zimezibandika ukuta mzima. Haziwezi: sauti inazuiwa na uzito, na trei ni karatasi. Zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu, bumbum la kiki linapita hadi kwa jirani kama kawaida. Sisi tuliegemeza magodoro mlangoni, tukazima feni na kiyoyozi kwa sababu maiki inavisikia, tukavua mashati.

Dramu nzima tuliirekodi kwa maiki nne, kwa mbinu ambayo mafundi duniani wanaiita kwa jina la Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968. Maiki moja kwenye kiki, moja kwenye snea, moja juu ya kichwa cha mpigaji, ya nne pembeni upande wa tomu kubwa. Siri iko kwenye hizo mbili za mwisho: lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya snea. Tulipima kwa kamba. Mtu mmoja ameshikilia ncha juu ya ngozi ya snea, mwingine amenyoosha hadi maiki ya kwanza, kidole kimebana pale pale, halafu kamba inazungushwa hadi ya pili. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo maiki moja ikizidi mwenzake kwa sentimita 34, snea inafika ikiwa imechelewa milisekunde moja. Ni kidogo sana, ila ukizichanganya hizo mbili, snea inakonda, inakuwa kama inalia ndani ya bomba. Mwimbaji wetu, ambaye muda wote alikuwa akilalamika kwamba tunacheza na kamba badala ya kupiga muziki, alinyamaza tulipomsikilizisha kabla na baada.

Ampu ya gitaa tuliiingiza stoo, besi tuliichomeka moja kwa moja kwenye kadi, lakini watu wote wanne tulikuwa pale ukumbini tunatazamana. Kiki inavuja kwenye maiki ya mwimbaji, sauti ya mwimbaji inavuja kwenye matoazi yangu, na ndiyo maana huwezi kufuta kosa la mtu mmoja bila kuwagusa wote. Mafundi wengi huliona hili ni tatizo. Mimi naona ndilo linalowafanya watu wafanye mazoezi. Wimbo wa mdundiko tuliurekodi katikati ya usiku, jasho likidondoka kwenye ngozi ya tomu, na mpiga besi alinisogelea hadi goti lake likagusa stendi ya haihati ili auone mguu wangu. Ile tuliyoitoa ina kosa la gitaa kwenye ubeti wa pili. Tulipiga nyingine isiyo na kosa. Haikuwa na kitu.

Sisemi kompyuta ni adui. Singeli imezaliwa humo humo, kwenye vyumba vidogo kama studio ya Sisso kule Mburahati, mapigo yanazidi mia mbili kwa dakika, na hakuna mguu wa binadamu utakaokimbiza ile kitu usiku mzima. Pale mashine ndiyo ala, na wanaoipiga wanaijua. Ninachokataa ni bendi ya watu wanne wenye ala mikononi kuiga njia ya muziki usio na bendi, kisha kushangaa mbona kwenye simu wanasikika wamekufa.

Na kwa hesabu ya fedha, usiku mmoja wa ukumbi mkigawana wanne haukaribii kumlipa prodyuza wimbo mmoja mmoja. Mnachohitaji ni mazoezi ya kutosha kabla ya kuingia, maana saa za ukumbi hazisubiri mtu ajifunze kodi za gitaa. Mwimbaji wetu bado anataka safari ijayo aingize sauti peke yake, ndani ya kabati, aitengeneze vizuri. Tumekubaliana kwa shingo upande: nyimbo mbili kwake, zilizobaki kwangu. Ukumbi ule wa zamani sasa umegeuzwa ghala la vigae, kwa hiyo natafuta mwingine. Anayejua wenye dari la mbao na jirani mvumilivu, hasa upande wa Mbezi au Kigamboni, anishtue kabla ya masika.