Baada ya Mionzi ya Koo, Upasuaji Uwe Lini?

Mgonjwa wa saratani ya koo akimaliza mionzi, mara nyingi grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa katika vipindi 35 kwa wiki 7, pamoja na dripu za cisplatin, dawa ya kuua seli za saratani, ndugu zake huuliza jambo moja: ugonjwa umeisha? Siku hiyo hakuna daktari mkweli anayeweza kuwajibu. Seli zilizojeruhiwa na mionzi hazifi zote papo hapo. Nyingi hufa wiki kadhaa baadaye, zinapojaribu kugawanyika. Koo bado limevimba, ngozi ya shingo imebabuka, na chakula kinapita kwa taabu au kwa mpira. Ndani ya kipindi hicho ndipo panapotakiwa uamuzi ambao umewagawa mabingwa kwa miaka mingi: apasuliwe shingo mapema kuondoa tezi za limfu ambazo saratani ilikuwa imezifikia, au asubiriwe?

Zamani wapasuaji wengi walikuwa na jibu moja. Aliyeanza tiba akiwa na tezi kubwa shingoni alipangiwa upasuaji, hata kama tezi zenyewe hazishikiki tena kwa vidole. Hoja yao si ya kubezwa. Seli chache zinaweza kubaki ndani ya tezi iliyosinyaa zisionekane kwenye picha ya CT, na zikiibuka baada ya mwaka huenda zimeshaukumbatia mshipa mkuu wa damu wa shingo, mahali ambapo mpasuaji hathubutu kugusa. Halafu kuna suala la muda. Kati ya wiki ya 4 na ya 12 hivi, uvimbe mkali umepungua na makovu ya ndani hayajakomaa. Ukizidi kuchelewa, tabaka za shingo huanza kugandana, ngozi na misuli vinakuwa vigumu kama ubao, na kazi ya kutenganisha neva na nyama inageuka mateso kwa anayepasua na hatari kwa anayepasuliwa.

Waliopinga walianzia maabara. Tezi zilizoondolewa zilipowekwa chini ya hadubini, nyingi hazikuwa na seli hai hata moja ya saratani. Mionzi na dawa vilikuwa vimeshafanya kazi yake. Kwa hiyo wagonjwa wengi walikuwa wamepasuliwa bila faida, na upasuaji huu si mdogo. Neva inayoinua bega hupita katikati ya eneo linalosafishwa. Hata isipokatwa, kuguswa na kuvutwa tu kunaweza kuidhoofisha. Mtu anabaki na bega lililoshuka, hawezi kuanika nguo kwenye kamba wala kuchana nywele kwa mkono huo, na kama ni fundi ujenzi au mkulima, riziki yake imeguswa. Hilo huandikwa kwenye jalada kuwa ni tatizo dogo. Mimi sioni udogo wake.

Mjadala ulipata ushahidi mzito mwaka 2016, yalipochapishwa matokeo ya utafiti wa PET-NECK wa Uingereza, ulioongozwa na Profesa Hisham Mehanna wa Birmingham. Wagonjwa 564 wenye tezi zilizoathirika sana waligawanywa kwa kura. Nusu walipangiwa upasuaji wa shingo tangu mwanzo, kabla au baada ya mionzi na dawa. Nusu nyingine walimaliza tiba, wakapigwa picha ya PET-CT wiki ya 12 baada ya hapo, na wakapasuliwa pale tu picha ilipoonyesha ugonjwa umebaki au ilipoacha shaka. Baada ya miaka 2, asilimia 84.9 ya waliosubiriwa walikuwa hai, na asilimia 81.5 ya waliopangiwa upasuaji. Kitakwimu hakuna aliyemshinda mwenzake. Tofauti iko kwingine: waliopangiwa walikuwa na upasuaji wa shingo 221, waliosubiriwa 54. Na kusubiri kulipunguza gharama kwa wastani wa pauni 1,492 kwa kila mgonjwa.

Wiki 12 hazikuokotwa. PET-CT hutumia sukari iliyotiwa florini yenye mionzi. Saratani huila sukari hiyo kwa pupa, ndiyo maana huwaka kwenye picha. Lakini kidonda kinachopona nacho hula sukari. Ukimpiga mtu picha wiki ya 5, koo zima laweza kuwaka kwa sababu ya uvimbe wa mionzi, na hapo mtu anaweza kupasuliwa kwa ajili ya saratani ambayo haipo. Kwa waliopata saratani ya findo au shina la ulimi kutokana na virusi vya HPV, hata wiki 12 huenda zisitoshe: tezi zao husinyaa taratibu, hivyo leo vituo vingi vikipata picha yenye shaka kwa mgonjwa wa aina hiyo hurudia kipimo baada ya wiki kadhaa kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji.

Na hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kusoma utafiti huu kwa jicho lake mwenyewe. Robo tatu ya waliopimwa katika PET-NECK walikuwa na uvimbe wenye dalili ya HPV, aina inayoitikia mionzi vizuri. Kwetu wagonjwa wengi wa koo wanatokea upande wa tumbaku na pombe, na saratani ya namna hiyo ni sugu zaidi. Tena florini-18 hupungua nguvu kwa nusu kila dakika 110 hivi, kwa hiyo mashine ya PET haifai kitu kama hakuna mtambo wa kuitengeneza dawa hiyo karibu. Kenya inayo huduma hiyo Nairobi na viungani mwake. Mgonjwa aliyetoka Kigoma akapata mionzi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akakaa kwa shemeji wiki zote saba, akiruhusiwa anapanda basi kurudi kwao. Nauli ya kurudi baada ya miezi mitatu itatoka wapi? Mpasuaji anayesema "nimpasue sasa ningali naye wodini" hasemi hivyo kwa ushamba. Amekwishaona wagonjwa wanaorudi baada ya mwaka na nusu, shingo imepasuka yenyewe.

Hata hivyo, naegemea upande wa kusubiri. Kumpasua kila mtu kwa hofu ya wachache watakaopotea ni kuwatoza wengi deni lisilo lao. Pasipo PET, CT yenye dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri ikifanywa kwenye wiki ya 12 na ikaonyesha tezi zimerudi ukubwa wa kawaida, hazina sehemu iliyooza katikati, uwezekano wa ugonjwa uliobaki huwa mdogo. Tezi iliyobaki kubwa inaweza kuangaliwa kwa ultrasaundi na kuchomwa sindano ya kutoa chembe, ingawa jibu safi la sindano kwenye shingo iliyopigwa mionzi lipokewe kwa tahadhari. Ninayemtenga na kanuni hii ni mgonjwa ambaye mionzi yake ilikatika njiani kwa sababu mashine iliharibika au fedha ziliisha. Kipindi kikikatika, saratani hupata nafasi ya kuota tena, na takwimu za watu waliomaliza tiba bila kukosa hazimhusu.

Yote hayo ni ya tezi za shingo. Saratani ikiwa kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, mizani inabadilika kabisa, kwa kuwa kinachoondolewa ni sauti. Mwaka 1991 utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani, wenye wagonjwa 332, ulionyesha kwamba dawa zikifuatiwa na mionzi zinaweza kuokoa zoloto la asilimia 64 bila kupunguza uhai: miaka 2 baadaye asilimia 68 walikuwa hai katika kundi hilo na katika lile lililopasuliwa kwanza. Tangu hapo, kwa wagonjwa wengi, kuondoa zoloto kumekuwa hatua ya akiba. Lakini akiba hii ina riba. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu, kidonda hakifungi vizuri, mate yanavuja kupitia ngozi ya shingo kwa wiki au miezi, na yakifika kwenye mshipa mkuu yanaweza kuutoboa. Katika utafiti mwingine wa Marekani, RTOG 91-11, uvujaji huo uliwapata asilimia 15 ya waliopasuliwa baada ya mionzi pekee, na asilimia 30 ya waliokuwa wamepewa dawa na mionzi kwa pamoja. Wapasuaji hupunguza hatari kwa kuleta msuli wa kifua wenye damu yake na kufunika mshono.

Daktari akiliona zoloto limevimba miezi minne baada ya mionzi, yuko njia panda kweli. Akichukua kinyama cha kupima maabara, anaweza kuamsha kuoza kwa gegedu iliyochoka. Asipochukua, anaweza kuwa analea saratani. Maumivu yanayopanda hadi sikioni, ukwaruzi unaozidi badala ya kupungua, ukamba wa sauti usiosogea: mambo haya yakija pamoja, nadhani kuendelea kungoja ni kosa. Na yupo mgonjwa ambaye saratani imekwisha ila zoloto limekufa kazi. Kila tonge linaingia mapafuni, kila mwezi ana nimonia. Kwake kuondoa zoloto huenda kukamrudishia mlo wa familia, japo picha zote ni safi. Anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, na kuonyeshwa mtu anayeongea kwa kifaa cha sauti kupitia tundu la shingo, kabla hajaombwa kutia saini.

Jambo ambalo lingesaidia pande zote mbili halihitaji mashine mpya. Kabla ya kipindi cha kwanza cha mionzi, kadi ya mgonjwa iandikwe tarehe ya kipimo cha wiki ya 12, hospitali kitakapofanyika, jina la mpasuaji atakayeisoma picha pamoja na daktari wa mionzi, na namba ya simu ya ndugu atakayepigiwa siku mgonjwa asipotokea.