Eti "Nafsi Mbili, Sauti Moja"

Jana usiku nimetoka ukumbini nimenuna, na wapigaji hawana kosa. Wale vijana wanne walizicharaza kwarteti, yaani tungo za ala nne za nyuzi, mpaka nikasahau kiti kilivyonibana. Aliyeniudhi ni mshereheshaji, aliyepanda jukwaani akatutangazia kwamba watunzi wa usiku ule, Ligeti na Kurtág, walikuwa "nafsi mbili, sauti moja." Sauti moja? Huyu mwenzetu alisikiliza tamasha lipi?

Haya, kufanana wamefanana, sibishi. Wote akina György, wote Wayahudi wa lugha ya Kihungari waliozaliwa Romania. Septemba 1945 walikutana Budapest kwenye mtihani wa kuingia Chuo cha Muziki cha Franz Liszt, kila mmoja akiomba Bartók, mtunzi mkuu wa Hungaria, arudi kutoka Marekani awafundishe. Bartók akafia New York mwezi huohuo. Wamekwenda kumngoja mwalimu, wakakuta bendera nyeusi inapepea. Sawa, msiba huo waliulia pamoja.

Lakini Desemba 1956, vifaru vya Kisovieti vikiwa vimeshazima mapinduzi ya Hungaria, Ligeti alitoroka, akafika Vienna, Austria. Kurtág akabaki. Hapo ndipo urafiki wao unaponishika mimi, na hapohapo mshereheshaji akaparuka kama anaruka dimbwi. Mwaka uliofuata Kurtág alipata nafasi ya kwenda Paris, akaenda na moyo umevunjika, kutunga hawezi, akawa anaunda maumbo kwa njiti za kiberiti. Mwaka 1958, akiwa njiani kurudi, alipitia Cologne, Ujerumani, Ligeti akamsikilizisha Gruppen ya Stockhausen, mtunzi wa Kijerumani, na Artikulation ambayo Ligeti aliitunga mwenyewe. Muziki mpya wote ule, mlango uko wazi, rafiki yuko pale. Naye akarudi Hungaria.

Akarudi! Sisi wa ughaibuni neno hilo tunalijua uzito wake. Nina rafiki wa Tanga aliyefungasha mabegi akarudi nyumbani; tuliobaki tukamwita mjinga, tena mbele yake. Bado tunapigiana simu kila Idi. Tunaulizana watoto, tunaulizana afya, halafu kuna mahali tukifika sote tunanyamaza, mtu anasingizia mtandao.

Sasa sikiliza kwarteti ya kwanza ya Ligeti, ya 1953 na 1954, ambayo Hungaria ilimkalia kwenye droo mpaka ikapigwa Vienna 1958. Dakika kama 20 bila kupumua: inakimbia, inakejeli, inacheza walzi inayochechemea. Huyu ni mtu wa kusema yote. 

Kurtág yeye anameza maneno. Microludes zake, vipande vidogovidogo vya kwarteti, ziko 12, na zote pamoja ni kama dakika kumi. Bwana wa pembeni yangu alianza kufungua pipi. Kipande kikaanza, kikaisha, ganda bado linachakarika. Nilitaka kumfinya. Uzi mmoja unaguswa, wa pili unaitika kwa mbali, kisha kimya, na kile kimya kina mengi kuliko hotuba ya mtu fulani.

Cha mwisho kilipozimika hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mpiga viola alikuwa hajashusha upinde, naye mshereheshaji tayari yuko jukwaani na maikrofoni yake.