Acheni kumuuliza waziri "ni lini"

Kila mkutano wa Bunge pale Dodoma swali ni lile lile, jina la kijiji tu ndilo hubadilika: "Je, ni lini Serikali itapeleka maji...?" Na jibu tumeshalikariri. Serikali inatambua changamoto hiyo, usanifu umekamilika, mradi utatekelezwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akiinuka tena anaahidiwa kuwa ataongozana na waziri wakajionee. Mitandaoni watu wanalalamika kwamba waziri kakwepa. Kakwepa nini? Kaulizwa lini, kajibu lini ya kiserikali.

Ibara ya 63 ya Katiba inaruhusu waziri aulizwe swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hayo maneno "katika wajibu wake" ndiyo mtego wa kwanza. Maji ya vijijini yalihama halmashauri tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianze mwaka 2019, yako Wizara ya Maji. Zahanati inaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ila dawa zinatoka MSD, yaani Bohari ya Dawa, na MSD ni ya Wizara ya Afya. Ukibisha mlango usiohusika utaambiwa "tumelichukua", na kikao kimeisha.

Sasa tushike kituo kimoja cha kuchotea maji. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kihudumie watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400. Hizo ni lita 6,250, sawa na ndoo 312 na nusu za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, kwa siku ni 15,625, na kwa mwezi wa siku 30 ni 468,750. Mradi wenye vituo kumi kama hicho ungekusanya zaidi ya milioni nne na nusu kila mwezi. Halafu mradi huo huo unakaa miezi bila maji kwa kukosa hela ya koki! Ama ndoo zinazochotwa ni chache kuliko hesabu, ama maji yanavuja njiani, ama fedha haifiki benki. Dira, yaani mita za maji, zinajibu. Soma dira ya kisimani, jumlisha dira za vituo, toa; kilichopungua kimepotea ardhini au kimechotwa bila kulipiwa. Kisha kila uniti moja iliyopita kwenye kituo, yaani ndoo 50, iwe na shilingi 2,500 kwenye akaunti ya chombo cha watumia maji kinachoendesha mradi.

Swali la msingi la kumpa waziri basi ni hili: katika kijiji fulani, kwa miezi 12 iliyopita, kila kituo kilitoa maji siku ngapi, dira ya kisima ilisoma uniti ngapi, na benki ziliingia shilingi ngapi? Namba tatu. Hapo hakuna pa kuchomeka "kadiri".

Lakini jibu la msingi huandikwa na wataalamu, waziri au naibu wake analisoma tu. Kazi halisi iko kwenye maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengi huyamaliza kwa kushukuru na kuombea kijiji kingine maji. La kwanza liwe la chanzo. Tuseme pampu iliungua: je, uwezo wa kisima ulipimwa masika au kiangazi? Kikipimwa masika, mwezi wa kumi maji yanashuka, pampu inazunguka kavu, mota inakwisha, na mpya ikifungwa itaungua vile vile. La pili liwe la mtu: nani anaidhinisha matengenezo madogo, na hukaa na ombi siku ngapi?

Ziara za jukwaani sizipendi. Mhandisi anasimamishwa kazi mbele ya umati, makofi yanapigwa, msafara unaondoka, bomba kavu.

Asiye mbunge naye ana njia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu ombi la maandishi. Andika namba zile zile tatu, taja kijiji na tarehe za kuanzia na kuishia, gongesha nakala yako mhuri wa kupokelewa. Nakala yenye mhuri mpelekee mbunge kabla hajaandika lile swali lake la "ni lini".