Sarafu za India ya Kale: Shahidi wa Wafalme au Mpiga Debe Wao?

Mwaka 1906, karibu na Nashik magharibi mwa India, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 13,000, zote za mtawala Nahapana wa ukoo wa Kshaharata. Takribani 9,000 kati yake zilikuwa zimegongwa chapa upya, juu ya ile ya kwanza, kwa jina la Gautamiputra Satakarni wa nasaba ya Satavahana. Katika maandishi ya pango moja la Nashik, mama yake Gautamiputra anajivunia kwamba mwanawe aliwang'oa Wakshaharata. Majigambo ya mama, mtu angeweza kuyatilia shaka. Sarafu hizo zinayathibitisha.

Ndiyo maana wanaozitetea sarafu kama chanzo cha historia wana hoja nzito. Wafalme wengi wa Kigiriki waliotawala kaskazini-magharibi ya India tunawajua kwa sarafu tu. Makshatrapa wa Magharibi, watawala wa magharibi mwa India, waliandika juu ya sarafu zao jina la mtawala, jina la baba yake, na baadaye hata mwaka, uliohesabiwa kuanzia 78 BK. Kwa kuzipanga, tunaona cheo kikipita kutoka kaka kwenda kwa mdogo wake kabla ya kurudi kwa watoto.

Lakini mwenye kugonga sarafu ni mfalme mwenyewe, naye husema apendacho. Mtawala mmoja wa Wakushani, nasaba iliyotawala Asia ya Kati na kaskazini mwa India, alijiita "Mwokozi Mkuu" bila kutaja jina. Wengi sasa wanaamini ni Vima Taktu, babu yake Kanishka, mfalme maarufu wa Wakushani, na kilichofungua njia ni jiwe la Rabatak, lenye maandishi yanayowataja mababu wa Kanishka, lililopatikana Afghanistan mwaka 1993, si sarafu.

Na je, sarafu zinaonyesha mipaka ya utawala? Dhahabu ya Wakushani, sarafu zaidi ya 100, ilipatikana Debre Damo, Ethiopia. Ilifika kwa biashara. Hakuna Mkushani aliyetawala huko.

Kwangu mimi, sarafu naziamini kwa majina na urithi wa kiti, si kwa mipaka wala sifa. Samudragupta, mfalme wa nasaba ya Gupta, anaonekana kwenye sarafu zake za dhahabu akipiga vina, ala ya nyuzi, na maandishi ya nguzo ya Allahabad nayo yanasifu muziki wake. Wengine huona huo ni ushahidi wa pande mbili. Mimi naona upande mmoja: maneno ya nguzo yalitungwa na Harishena, ofisa wake mwenyewe. Kabla ya kukubali kwamba alikuwa fundi wa vina, ningetaka kumsikia mtu ambaye hakula chakula cha ikulu yake.